Mwanzi wa Eliakunda Wapanda Ndege

Enzi za Mwingereza hakuna mtu mzima wa Ngujini ambaye hakuwahi kuinamia mfereji siku isiyo zamu yake, jembe mkononi, kisha akainua macho na kumwona Eliakunda anakuja angani.

Alikuja angani kweli, si namna ya kusema. Eliakunda alikuwa mlinzi wa mfereji. Maji yalitoka msituni kule juu, yakafuata ubavu wa mlima, na kila yalipokutana na korongo yalivuka juu ya gogo lililochimbwa katikati, bila shida yoyote. Mwenye shida alikuwa mlinzi. Yeye ilimpasa ateremke korongo kwa makalio na kupanda ng'ambo kwa kucha, na kabla hajamaliza hata makorongo mawili nusu ya asubuhi imekwisha. Kwa mwizi wa maji nusu ya asubuhi ni neema tele. Atazibua, atanywesha migomba, ataziba, atanawa miguu, na mlinzi akifika atamkuta kizingitini anaimba wimbo wa kanisani, sauti ya pili.

Eliakunda akaichoka ile sauti ya pili. Akaenda nyuma ya kanisa, kwenye kichaka cha mianzi walichopanda wamisheni kwa sababu ambayo hakuna aliyeikumbuka tena, akakata mmoja mrefu kushinda watu wawili wakisimamiana mabegani. Akauning'iniza juu ya meko msimu mzima, mpaka moshi ukaugeuza rangi ya kahawa iliyokaangwa. Mkewe Zipora akausugua kwa mafuta ya nyonyo hadi ukang'aa kuliko watoto wake. Kisha Eliakunda akawa anakuja mbio, anausimika chini korongoni, anajitupa, na mwanzi unampeleka ng'ambo kama mama anayemhamisha mtoto kutoka paja hili kwenda lile. Zipora aliwaambia wanawake wenzake kwamba mchungaji hajui tu, lakini nyumba ya Eliakunda ina wake wawili. Heri huyo mke mwenzake hali makande.

Hivyo ndivyo alivyowakamata. Alimkamata mzee wa kanisa. Alimkamata baba mkwe wake. Alimkamata hata Manase, mwenyekiti wa mfereji mwenyewe, mtu aliyependa kesi kiasi kwamba aliwahi kuuza fahali ili kuendesha shauri la kuku, akashinda, na siku anakabidhiwa kuku akamkuta kafa kwa uzee. Manase alipokamatwa alijitetea kwa hoja nyingi, zote nzuri, huku maji yakiendelea kuingia shambani kwake.

Na bado hakuna aliyemchukia Eliakunda. Utamchukiaje mtu anayekukamata, anaziba tundu lako kwa mikono yake, kisha anakuuliza mama anaendeleaje na mgongo? Tena alikuwa mwenye haki hadi inaudhi. Kwa sheria ya mfereji, mwenye zamu huchomeka jembe lake pale maji yanapoingia shambani, na jembe likishachomekwa maji ni yake mpaka aling'oe mwenyewe. Chifu hawezi kuligusa. Mchungaji hawezi. Eliakunda aliwalindia watu wote haki hiyo isipokuwa mtu mmoja, naye ni yeye mwenyewe. Zamu yake ilikuwa kama shuka la marehemu: kila ndugu aliondoka na kipande. Leo kuna mjane ana miche ya kahawa inanyauka, kesho kuna jirani ana mgonjwa hakuwahi kunywesha, na jembe la Eliakunda linang'olewa kabla halijapata joto. Migomba ya Zipora ndiyo iliyokuwa myembamba kuliko yote upande ule wa mlima. Zipora alikuwa na maneno machache tu juu ya jambo hilo, akiyatoa kila jioni.

Basi mwaka mmoja, muda si mrefu baada ya malkia kutawazwa huko kwao, akapanda Bwana Shauri, yule ofisa wa wilaya kutoka Same, kuja kuhimiza matuta. Habari ya matuta watu wa Ngujini waliisikiliza kila mwaka kwa heshima kubwa, na kila mwaka hakuna aliyeyachimba. Bwana Shauri alikuwa amesimama chini korongoni, anaonyesha kwa bakora mahali udongo unapoteremka, mara kivuli kikampita kichwani. Akatazama juu akaona nyayo za mtu. Hotuba ya matuta ikaishia pale, na wazee wakasema baadaye kwamba Eliakunda hajawahi kuihudumia jamii vizuri kuliko siku ile.

Kumbe Bwana Shauri mwenyewe, alipokuwa kijana chuoni, alikuwa mrukaji wa upondo, ule mchezo wa kuruka juu kwa mti mrefu, na hakuwahi kuruka vizuri, na jambo hilo lilikuwa linamuuma bado. Akaomba kamba ifungwe kati ya miti miwili. Eliakunda akaipita. Ikapandishwa. Akaipita. Akaomba radhi kwamba ana kazi, maji yako njiani. Lakini Bwana Shauri hakumwacha. Siku ya michezo ya wilaya akamteremsha Same pamoja na mwanzi wake, Eliakunda akaruka mbele ya watu wote, na mwisho wake akachaguliwa kwenda Dar es Salaam kwenye michezo ya Tanganyika nzima.

Ni hapo Eliakunda alipotaka kitu kwa mara ya kwanza katika maisha yake. Zipora aliligundua jambo hilo kabla yake. Alimwona jioni amekaa kwenye gogo la kuni anautazama mwanzi, si kama mtu anayetazama chombo cha kazi. Akamuuliza anawaza nini. Akasema anawaza ingekuwaje kuruka mahali ambapo hakuna mtu anayeibiwa.

Wenzake wa timu, wakimbiaji na wacheza mpira, walitangulia kwa treni, kisha basi. Yeye alibaki, kwa kuwa masika ya mwaka ule ilibomoa ukingo wa mfereji, na yeye si mtu wa kuondoka na ukingo umebomoka. Ukingo ulipokamilika, mvua ikawa imeng'oa reli kule chini ng'ambo ya stesheni ya Bendera, na malori yamezama Kihurio kwenye tope hata ukayadhani yamepandwa pamoja na mpunga. Bwana Shauri akapiga simu za upepo huku na huku. Jibu likaja: ndege ndogo inayochukua barua Moshi kwenda pwani itatua Same kumchukua mrukaji.

Karani wa Bwana Shauri akapanda Ngujini kuleta habari hiyo, na karani yule alikuwa na kosa moja, sauti. Angemwambia Eliakunda pembeni, hadithi hii isingekuwepo. Alimwambia pale kwenye chama cha kahawa, siku ya kupima, watu wamejaa na magunia yao. Alisema uwanja wa Same ni mfupi na umelowa, hivyo rubani ametoa sharti: abiria na chochote atakachobeba, mwili wake na mzigo wake pamoja, visizidi ratili mia mbili. Mizani ya kahawa ilikuwa hapo hapo. Wakampandisha Eliakunda. Wakapandisha na mwanzi, ukaonekana hauna uzito wa kumtisha mtu, jogoo wawili hivi. Watu wakafanya hesabu vichwani, kimya kimya, kila mmoja kivyake, na wote wakafika mahali pamoja: Eliakunda na mwanzi wake wanaacha nafasi ya ratili hamsini hivi.

Hakuna aliyepima urefu. Pale chamani tangu kijengwe hakuna kitu kilichowahi kupimwa urefu. Kahawa haina urefu.

Na tangu saa ile, ratili zilizobaki hazikuwa tena za Eliakunda. Nyumba gani Ngujini haikuwa na mtu Dar es Salaam? Huyu ana mwana bandarini, yule ana dada kaolewa Ilala, yule ana mume aliyekwenda kutafuta maisha na inaelekea ameyapata kwa mwanamke mwingine, lakini hata huyo atumiwe magimbi akumbuke nyumbani. Manase akaitisha kikao. Ratili zikagawiwa kama maji yanavyogawiwa: nyumba za juu kwanza, za chini baadaye, wajane wasirukwe. Nyumba za chini zikalalamika kwamba hata ndege nayo imeanza kuwaonea. Mtu mmoja akaazima ratili za jirani kwa ahadi ya kuzirudisha ndege ikija tena. Mzee wa kanisa akaleta kibuyu kilichofungwa vizuri sana, akisema ni dawa ya kifua, na kibuyu kilinukia dengelua, ile pombe ya miwa, kutoka mlangoni.

Jambo likawa baya zaidi pale mwenye akili mmoja alipotambua kwamba, kama mwili na mzigo vinapimwa pamoja, basi mwili ukipungua mzigo unaongezeka. Kuanzia siku ile Eliakunda hakula kwa amani. Akishika bakuli la makande, kuna jirani amepita "kusalimia tu". Tonge likienda mdomoni, macho yanalisindikiza. Shangazi yake mwenyewe alimwambia, kwa upole wa kikristo, kwamba kila kijiko anachomeza anakitoa kinywani mwa binamu yake wa Kariakoo. Zipora alimlisha chumbani, mlango umefungwa, kama mwali.

Siku ilipofika waliteremka mlima kundi zima, kila mwenye kikapu akifuata kikapu chake, maana katika mambo ya ugawaji Mgweno, mtu wa milima ile, hamwamini hata kivuli chake mwenyewe jua likiwa nyuma. Huko Lembeni walipanda lori la Mbaraka, mfanyabiashara wa ngozi wa Same, Mwislamu mcheshi aliyekuwa na utani na watu wa milimani tangu enzi za babu yake. Alipouona ule msafara akauliza ni nani anasafiri. Wakamwonyesha Eliakunda, aliyekuwa amekaa juu kabisa na mwanzi wake ukitokeza nyuma kama mkia. Mbaraka akatikisa kichwa. Akasema amebeba maharusi na amebeba maiti, lakini hajawahi kuona mtu mmoja anasafiri na watu wote wanaogopa kuachwa.

Uwanja wa ndege wa Same ulikuwa uwanja siku ambazo mbuzi walikubali. Siku ile askari wawili waliwafukuza, tope lilikuwa limekauka juujuu, na ndege ilikuwa imeshatua, imekaa imeinua pua kama bibi aliyesikia harufu. Rubani alikuwa Mwingereza mwembamba mwenye Kiswahili cha jikoni. Ndani, viti vyote isipokuwa kimoja vilikuwa vimejazwa magunia ya barua. Nyuma kabisa, mkiani, kulikuwa na kijumba cha mizigo chenye kilango chake.

Mizani ilikuwa ya Mbaraka, ile ya kupimia ngozi, imening'inizwa juu ya mti. Wakamfunga Eliakunda na vikapu vyote pamoja kwenye wavu, mwanzi begani, wakamwinua. Mshale ukapita mahali pake. Kila mtu akamtazama jirani yake, maana ilionekana wazi kwamba usiku ule ratili zilizaana.

Manase hakutaka kesi ya kila kikapu mbele ya mzungu. Akapata njia ya haraka. Akamwamuru Eliakunda ale ndizi za kikapu cha juu, mzigo upungue. Eliakunda, aliyekuwa ameshindishwa njaa kwa siku nyingi, hakusubiri kuambiwa mara mbili. Alikula ndizi zile akiwa ananing'inia kwenye wavu, moja baada ya nyingine, na watu wakimhesabia kwa sauti na kuutazama mshale. Mshale haukusogea. Wakamwambia aongeze. Akaongeza. Mshale palepale. Ndipo Mbaraka alipokaa chini kwenye tope, na kanzu yake nyeupe, akacheka hadi akajishika mbavu, akauliza ndizi walidhani zinakwenda wapi.

Wakapunguza, kila mmoja kidogo kidogo na kinyongo. Mshale ukakubali. Vikapu vikaingizwa kwenye kijumba cha mkiani, jogoo mmoja juu yake, kibuyu cha dawa ya kifua katikati. Kikajaa hadi kilango kikafungwa kwa goti. Kisha Eliakunda akaja na mwanzi wake.

Rubani akautazama kuanzia huku. Akageuza kichwa, akautazama hadi kule.

"Hapana," akasema. "Hii refu."

Wakamweleza kwamba ni mwepesi. Umepimwa chamani, umepimwa na hapa. Rubani akasema wepesi hauna kazi, ndege haina nafasi. Ukiingia mlangoni utagonga ukuta, ukilazwa utaziba njia, na yeye hawezi kuurusha huku mkia wa mwanzi uko nje unawapungia watu mkono. Wazee wakatazamana. Neno urefu likapita kati yao kama mgeni ambaye hakuna aliyemwalika.

Manase akasogea mbele, akajifunga vizuri koti lake la kesi, akafungua shauri. Alieleza mwanzi ni nini, ulitoka wapi, na kwa nini mtu hawezi kutenganishwa na kitendea kazi chake. Alikuwa anaingia sehemu ya pili rubani alipomgusa bega na kumwonyesha mlima.

"Mzee, mimi hapana shauri," akasema. "Mimi ndege. Mawingu iko kuja."

Kweli mawingu yalikuwa yamekwisha kukalia vilele. Manase akafikiri, na kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria kabla ya kuwa mtu wa huruma, akatamka lililofuata kisheria: mwanzi ukibaki, ratili zake zinarudi kwa jamii. Lo. Kabla hajafunga mdomo, watu walikuwa wamekwisha kuzigombania. Nyumba za chini zikasema safari hii ni zao, zimeonewa vya kutosha. Shangazi akavikumbuka viazi vyake vilivyotolewa kwenye mizani. Mzee wa kanisa akasema kile kibuyu kina mwenzake.

Eliakunda alisimama katikati ya kelele zile, ameushika mwanzi kwa mikono miwili. Alikuwa anaona Dar es Salaam inamwondoka. Bwana Shauri alikuwa amemwambia kwamba huko wana miti yao ya kurukia, ataazimwa. Lakini mwanzi wa mtu mwingine huujui unapindia wapi, wala wenyewe haukujui una uzito gani ukiwa na hofu. Kwenda bila mwanzi ni kwenda kuwa mpagazi wa magimbi. Yeye hakutamani kuwa mpagazi. Alitamani kuruka mara moja tu mahali ambapo hakuna mtu anayeibiwa.

Rubani, ambaye pengine alimwona uso, akaingia ndani, akapiga magoti, akafungua kile kilango cha mkiani, akachungulia, akapima kwa mikono. Akatoka akijifuta. Akasema kijumba kile kikiwa kitupu, mwanzi unaweza kupita kilangoni hadi ndani ya mkia, ncha yake ya mbele ikaja hadi begani kwake yeye. Lakini kitupu kabisa. Mwanzi au mizigo. Vyote haiwezekani.

Kelele zikakatika, na macho yote yakamgeukia Eliakunda, si kwa uchokozi, kwa mazoea tu. Kulipotokea kitu cha kugawa, yeye ndiye aliyeulizwa. Naye, kwa mazoea yale yale, akaanza kufungua mdomo. Walimjua. Hata aliye mbali alijua anakwenda kusema nini: kwamba mizigo iende, watu wameshakuja nayo mbali, yeye ataazima mti huko huko, haina neno.

"Baba Lukasi, nyamaza," Zipora akasema.

Akaja, akauchukua mwanzi mikononi mwa mumewe. Akauinua wima, ukapepea juu ya vichwa vyao, akauchomeka kwa nguvu zake zote kwenye tope mbele ya mlango wa ndege. Ukasimama wenyewe.

Watu wote wa milimani walielewa. Mbaraka peke yake ndiye aliyemuuliza karani kuna nini, na karani, kwa mara ya kwanza, akajibu kwa kunong'ona.

"Mama Lukasi," Manase akaanza, "hapa si mferejini. Hapa ni uwanja wa serikali."

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba."

"Ratili hizi mlizigawa kwa sheria gani?"

Manase akakohoa. "Ya mfereji."

"Watu wa juu walitangulia kwa sheria gani?"

"Ya mfereji."

"Na mume wangu alihesabiwa matonge nyumbani kwangu kwa sheria gani?"

"Hiyo," Manase akasema, akatafuta, "hiyo ilitokana na ya mfereji."

"Basi na zamu ni ya mfereji. Anayesafiri leo ni nani? Zamu hii ni ya nyumba yangu. Jembe letu ndilo hilo. Anayeweza aling'oe."

Hakuna aliyeweza. Watu walitazama mwanzi, wakatazama vidole vya miguu yao. Wengi wao, wakihesabu vizuri, walikuwa wamekunywa zamu ya nyumba ile mwaka hadi mwaka. Shangazi ndiye aliyeanza kusema kwamba kwa kweli viazi vile si vya mwaka huu. Na Manase, ambaye maisha yake yote alitafuta mpinzani wa maana barazani, akaanza kutabasamu polepole, kama mtu aliyeonja asali ya mzinga wa jirani. Akamgeukia rubani akamwambia kwamba baraza limeamua, mizigo ishuke.

Ikashuka. Jogoo akashuka akiwa na maoni yake. Mwanzi ukang'olewa na Eliakunda mwenyewe, Zipora akaupangusa tope kwa upindo wa khanga, wakauingiza polepole, mkia wake ukapotea kwenye giza la nyuma na kichwa chake kikapumzika begani kwa rubani. Rubani akamwambia Eliakunda aushike safari nzima, asiuache hata kidogo, maana ndege ikiinama mwanzi utamchoma shingo, na huko juu yeye ndiye pekee anayejua njia. Eliakunda akakaa, akaukumbatia. Zipora alimfunga mkanda wa kiti vile anavyofunga mzigo wa kuni, mafundo mawili. Akamwambia ale huko aendako, hakuna anayehesabu.

Ndege ikakimbia, ikaruka kidogo, ikarudi chini kama iliyosahau kitu, kisha ikaliacha tope. Eliakunda hakuogopa kupanda; kupanda alikuzoea. Kilichomshangaza ni kwamba hakuna kushuka. Kila sekunde mwili wake ulijiandaa kwa ng'ambo, miguu ikajikunja kupokea udongo, na ng'ambo haikuja. Ndege ilipogeuka juu ya mkonge kuelekea pwani, aliona uwanja wote dirishani. Vikapu vilikuwa vimefunguliwa. Watu wa Ngujini walikuwa wameketi duara, Mbaraka katikati yao na kanzu yake ya tope, na mtu mmoja mwenye koti amesimama anagawa. Ilikuwa mbali, na ndege imelala upande, lakini mlinzi wa mfereji aliona wazi kwamba mgao hauko sawa. Akainua mkono kuonyesha. Rubani akapiga kelele kwamba aushike mwanzi.

Dar es Salaam aliruka. Alishika nafasi ya pili. Wa kwanza alikuwa askari mmoja mkubwa aliyekuwa na mti wa chuma. Bwana Shauri aliposikia alifurahi kuliko mshindi. Reli ilipotengenezwa Eliakunda akarudi kwa basi na treni, yeye na mwanzi, na mzigo mzito wa salamu. Watu wa Ngujini walioko Dar walikuwa wametuma salamu nyingi sana, kwa kuwa hazipimwi.

Walimzunguka nyumbani kwake jioni. Alipowaambia kimo alichoruka, wakakataa. Alipowapeleka akawaonyesha kwenye ukuta wa kanisa, wakavua kofia. Manase ndiye aliyetaka maelezo kamili.

"Ulivuka nini?"

"Sikuvuka kitu, mzee. Kuna kijiti kimelazwa juu ya nguzo mbili. Unapita juu yake."

"Ng'ambo kuna nini?"

"Mchanga."

Manase akalichukua jambo hilo akaligeuza upande huu na upande ule. "Yaani huna mwizi unayemfuata, huna maji unayoyawahi, unatoka mchangani unakwenda mchangani. Na wao wakakupigia makofi."

"Walinipigia sana."

"Watu wa pwani," Manase akasema, na wazee wakaitikia kwa masikitiko.

Lakini asubuhi Eliakunda alipopanda kukagua mfereji, alifika kwenye korongo la kwanza, akakimbia, akasimika, na badala ya kujitupa ng'ambo kama siku zote, akajitupa juu. Korongo halikuhitaji kimo kile. Hakuna aliyekihitaji. Akatua, akageuka, akarudia. Zipora alikuwa chini anapalilia. Akaegemea jembe akamtazama, na hakumwita.

Siku ile maji yalichelewa sana kufika mashamba ya chini. Malalamiko yakapelekwa kwa mwenyekiti. Manase akayapokea vizuri, akasema shauri ni zito na litasikilizwa kwa ukamilifu, isipokuwa kwanza lazima alione korongo lenyewe kwa macho yake. Akachukua kigoda chake, akaenda akakaa mahali panapoonekana vizuri.